NHC au CAAC: kabeni ipi inaishika silikoni vizuri zaidi?

Silikoni (elementi Si) imezoea bondi nne, ukiinyima inavamia chochote kilicho karibu, ndo hapo kabeni inaingia (molekuli yenye kaboni iliyofunga bondi kwa atomi mbili tu, ikabaki na jozi ya elektroni ya kugawa), inaipa jozi ya elektroni na kuizungushia ukuta wa vikundi vikubwa.

NHC (N-heterocyclic carbene, kabeni ya kwenye pete) ina nitrojeni mbili pembeni ya ile kaboni yake. Inatoa elektroni vizuri sana ila kuzipokea zikirudi ni kidogo, kwa sababu nitrojeni zote mbili zinachangia elektroni kwenye obitali tupu ya kaboni (nafasi ya kukaa elektroni). Lakini jamani isidharauliwe! 2008 timu ya Gregory Robinson pale University of Georgia, Marekani, ilichukua NHC iliyobeba SiCl4 (silikoni yenye klorini nne), wakang'oa klorini kwa KC8 (grafiti iliyotiwa potasiamu), wakapata silikoni mbili zenye bondi maradufu, oksidesheni sifuri (yaani silikoni haihesabiwi kuwa imepoteza elektroni yoyote), na kila moja bado ina jozi yake ya elektroni. Mi naona ile ni kazi nzuri kupita zote.

CAAC (cyclic alkyl amino carbene) nayo ni kabeni ya pete, ila imebadilisha nitrojeni moja kwa kaboni. Inatoa zaidi na inapokea zaidi, hiyo ndo tofauti kubwa, ndo maana 2013 kundi la mkemia Herbert Roesky huko Göttingen, Ujerumani, waliweza kuweka atomi moja tu ya silikoni katikati ya CAAC mbili, muundo huo ndo unaitwa sililoni.

Kwa hiyo ukitaka SiCl2 (silikoni yenye klorini mbili tu) ya kuanzia kazi nyingine, chukua NHC, SiCl2 hiyo inatoka kwa HSiCl3 (triklorosilani) bila metali kali. Silikoni uliyoivua kila kitu, mpe CAAC. Na hiyo sililoni yenyewe ilianzia kwenye SiCl2 ya NHC.