Pampu testi ya kisima Dodoma: hela imeniuma ila kazi nimeiona

Nyie mnaochimba visima huku Dodoma, hii pampu testi, yaani kuvuta maji kwa pampu kupima kisima kinaweza kutoa kiasi gani, msiiruke. Mi niliiruka. Nilichimba shambani Mpunguzi, kwenye zabibu, mita 100, na wale wachimbaji (siwataji) walivyomaliza wakapuliza na kompresa, maji yakaruka juu huko, majirani wakapiga vigelegele, nkaambiwa bosi hapa una lita elfu 6 kwa saa, na mi nkaenda kununua pampu ya saizi hiyohiyo. Wiki ya tatu inavuta upepo, wiki ya nne imeungua.

Ndo nikawaita hawa jamaa wa kupima tu, hawachimbi. Kijana wao aliposikia habari ya kompresa akacheka kidogo, "Mzee, pale walikutolea maji yaliyokuwa yamelala ndani ya tundu." Kumbe tundu la inchi 6 kila mita moja linabeba kama lita 18, sasa piga mita 80 za maji, ni lita 1,400 na ushee hata kama mwamba hauleti kitu. Na granaiti yetu hii yenyewe haishiki maji, yanapita kwenye nyufa tu, na nyufa hazilingani, akanambia ufa ukiwa mpana mara mbili ya mwenzake unapitisha maji mara nane, kwa hiyo kisima kizima kinaweza kuwa kinaishi kwa ufa mmoja tu.

Walichofanya sasa. Wakashusha pampu yao na dipa, ile waya yenye alama za mita ambayo ikigusa maji inapiga piii. Maji yalikuwa mita 19 kutoka juu. Wakaanza na lita 1,500 kwa saa, wanapima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu, yakashuka mpaka 24 yakatulia. Wakaongeza mpaka 2,500, yakashuka 33, yakatulia tena. Mi nishaanza kufurahi. Wakaweka 4,000, hapo yanashuka polepole, 40, 43, 46, kijana anaandika kila dakika, halafu yalipopita 47 yakaporomoka aisee, dipa haiwahi, dakika chache tu tuko 60. Akachukua karatasi ya wachimbaji akanionyesha, mita 47 ndipo walipokuta ufa mkubwa. Yaani maji yakishuka chini ya ule ufa ndo basi, hauna tena nguvu ya kuleta zaidi, unachonyonya ni akiba ya tundu. Pampu yangu ilifia hapo!

Kesho yake wakaweka saa 24 mfululizo kwa lita 2,400, na hapa ndo nawalaumu, saa 9 usiku jenereta ikazima, dizeli imeisha. Saa 9 usiku! Kwa jinsi kipimo hiki kilivyo huwezi kuunganisha, maji yakishapanda mnaanza upya, kwa hiyo siku nzima ikapotea na chakula cha vijana nalisha mimi. Nyingine, ripoti yote Kiingereza na grafu za mistari imebanana upande mmoja, ikabidi nimpigie kijana anisomee kwenye simu, alinisomea vizuri lakini si ndo niliyolipia hiyo?

Kitu kilichonishangaza, walipima na visima vya majirani wakati changu kinavutwa. Cha mita 50 kutoka kwangu hakikutikisika kabisa, cha mita 150 kule upande wa mlima kikashuka sentimita 40. Nyufa zina njia zake bwana. Mama mwenye kile cha mlimani ananiangalia vibaya mpaka leo.

Majibu yao: nisizidi lita 2,500 kwa saa, pampu ining'inie mita 60, iwekwe swichi ya kuzima maji yakifika 45. Na wakasema wamepima mwezi wa 4 mvua zimetoka kunyesha, nirudie kupima mwezi wa 10 kabla sijaongeza mizabibu, maana hata Makutupora, kule mji unakonywea, vipimo vya toka miaka ya 1950 vinaonyesha maji ya chini yanajazwa zaidi na miaka michache ya mvua kubwa kama El Nino ya 1997/98, hapo katikati yanashuka tu.

Bei ni kama nusu ya ile pampu iliyoungua. Nyota 4, na ukiwaita hakikisha unaona mwenyewe madumu ya dizeli kabla hawajawasha. Pampu ndogo nimefunga, naiwasha saa 11 alfajiri mpaka saa 5, tanki linajaa. Dipa nimeambiwa naweza kununua yangu, anayejua zinakouzwa za bei ya kawaida aniambie.