Mafuta ya mikono kwa sie wapiga udi (ala ya nyuzi, si ule wa kufukiza), Lamu

Jamani kuna duka dogo karibu na ngome hapa Lamu wanauza mafuta ya nazi yalochanganywa na nta ya nyuki, mi nimepaka wiki tatu na ncha za vidole zilokuwa zikipasuka kwa maji ya chumvi zimepoa kabisa, sugu zipo ila laini. Paka usiku tu lakini! Ukipaka kabla ya kupiga vidole vinateleza, na udi hauna vizuizi shingoni vya kuongoza kidole kama gitaa, kidole kikisogea kidogo tu sauti ishapotea, tena mafuta yakiingia kwenye zile nyuzi nene zilozungushiwa shaba, sauti yake inafifia. Kopo dogo mno kwa bei ile. Asubuhi naosha mikono, naanza taksimu, yaani kupiga peke yangu kwa kubuni, polepole kwa makamu (mpangilio wa sauti) ya Rasti, vidole vikipata moto ndo nageukia taarab.