Tamiya Spitfire Mk.I skeli 1/48: seti niliyorudi nayo kwenye hobi baada ya miaka ya kulea na kuuguza

Wadau wa modeli habari zenu, wachache tuliopo lol. Hii ni rivyuu ya seti ya plastiki ya kujenga mwenyewe, Spitfire Mk.I ya Tamiya, ile ndege ya kivita ya Waingereza toleo la kwanza, skeli 1/48 (yani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), ile mpya namba 61119 iliyotoka 2018. Naiandika kwa jicho la mtu aliyekaa pembeni muda mrefu, maana rivyuu nyingi zinaandikwa na watu ambao kila wiki wana ndege mezani, wana eabrashi (kile kibomba cha kupulizia rangi), wana chumba kizima cha hobi na mlango unafungwa kwa ufunguo. Mi sina hivyo vitu. Nina kona ya meza ya kulia chakula hapa Birmingham, kuanzia watoto wakilala mpaka macho yagome.

Niliacha kwa sababu za kawaida tu za familia. Kwanza akaja mtoto wa pili, alafu mama akapata kiharusi kule Tanga, ikawa ni safari na simu na hela za dawa, na hata ile siku nimekaa nyumbani sina kazi kichwa hakipo kabisa kwenye vipande vya plastiki. Alhamdulillah sa hivi mama anatembea na mkongojo wake na anagomba kama zamani. Wife ndo akaanza, bwana eh, haya maboksi yako juu ya kabati ama uyajenge ama niyatoe. Bas nikaona nirudi, lakini sio na yale ya kabatini, ninunue kitu kimoja kipya.

Hapo ndo kuna ubishi wa kila siku. Ukiuliza watu nirudi na nini wengi watakwambia chukua ya bei chee, skeli 1/72, upimie mkono, ikiharibika hujapoteza kitu. Mi nakataa kabisa. Seti nyingi za bei chee zinakula muda, bawa halikai vizuri, unajaza puti (ile ya kuzibia nyufa), unapiga msasa, unaona bado kuna ufa, unajaza tena, na mtu mwenye saa moja tu usiku atapiga msasa wiki nzima hajaona ndege, ataiweka kwenye boksi na itakuwa imeisha hiyo. Mzazi anachokosa sio pauni kumi na tano za juu, anachokosa ni muda. Kwa hiyo toa hela ununue kitu kinachokaa. Mi nililipa pauni thelathini na kidogo na roho haijaniuma hata siku moja.

Sasa kitu chenyewe. Tamiya ni Wajapani wa Shizuoka, walianza 1946 kama kampuni ya mbao, na hawa jamaa wanapima mpaka unashangaa. Unakata kipande kwenye fremu ya plastiki vinakokuja vimeshikiliwa, unakwangua pale palipokuwa na kishikio, unakipeleka mahali pake na kinaingia chenyewe, unasikia kabisa kimekaa. Bawa la chini ni kipande kimoja kinachopita toka upande huu mpaka ule, alafu mawili ya juu yanalala juu yake, na pale bawa linapokutana na kiwiliwili, ambapo kwenye seti nyingine ndo pa kulia machozi, hapa nilibana kwa vidole nikapitisha gundi nikaenda kulala. Asubuhi sikuona haja ya puti. Kwa mtu wa jioni fupi fupi hii ina maana kila usiku unamaliza kitu kinachoonekana, leo chumba cha rubani, kesho kiwiliwili kimefungwa, na hiyo ndo inakurudisha mezani siku ya pili hata kama umechoka.

Ukiimaliza mabawa yana kama sentimita 23 toka ncha hadi ncha, inakaa kwenye shelfu la vitabu bila kumfukuza mtu. Na lile umbo la bawa la Spitfire, duara lile la yai, wamelipatia, ukiishika juu ya taa unaligeuza geuza tu bila sababu.

Gundi lazima niiongelee maana hapa ndo niliona dunia imesogea, zamani nilikuwa natumia zile za tyubu zinazovuta nyuzi kama ulimbo. Chukua Tamiya Extra Thin, kile kichupa cha mililita 40 chenye mfuniko wa kijani na brashi ndani yake. Hii hupaki kwanza ndo ubandike. Unashikanisha vipande viwili vikavu, unagusisha ncha ya brashi kwenye mstari wa maungio, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya ule ufa, unaiona inavyotembea mpaka mwisho. Ukibana kidogo plastiki iliyoyeyuka inachomoza kama uzi mwembamba, iache ikauke, ikwangue na kisu na mstari umepotea. Ila ina harufu kali, kuna asetoni mle ndani, kwa hiyo mwenye mtoto mchanga afungue dirisha, au achukue ile yao nyingine ya limonini inayonuka kama maganda ya machungwa. Na kifunike kichupa kila ukimaliza kuchovya, nyumba yenye watoto na paka mnaelewa.

Rangi. Ndege hizi za 1940 juu zilikuwa kahawia ya udongo na kijani kibichi cha giza, chini ni rangi wanaiita Sky, sio bluu sio kijani, iko katikati huko. Za Tamiya zenyewe ni nzuri sana kwa eabrashi ila kwa brashi ya mkono zinakauka haraka, mpako wa pili unauvuruga wa kwanza. Sisi wa brashi za mkono bora Vallejo za Uhispania, vile vichupa vya kudondosha, ni za maji, hazinuki, na brashi unaiosha kwenye sinki la jikoni bila kesi. Paka nyembamba, subiri, paka tena, usilazimishe ifunike kwa mara moja. Na kama una vikopo vya zamani vya enameli (rangi za mafuta) vya Humbrol usivitupe kabla hujafungua, vyangu vilivyokaa miaka juu ya kabati nilivikoroga kwa kijiti vikarudi uhai, wakati za akriliki, zile za maji, zote zilikuwa jiwe. Dikali (zile alama za kuloweka na kubandika kwenye ndege) za zamani zilizogeuka njano nazo zina dawa, zitie kwenye mfuko wa plastiki uzibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, njano inafifia polepole. Jua la Birmingham lakini ni la kuomba.

Dikali za hii seti zina unene wake, hazichaniki ovyo ambayo kwa mkono uliokaa ni heri, ila ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu na upate dawa ya kulainisha ili zilale ndani ya mistari ya paneli, ile mifereji myembamba iliyochongwa kwenye plastiki. Bila hiyo zinabaki zimekaa juu juu kama stika ya daladala.

Wakati naipaka niliwapeleka watoto jumba la makumbusho ya RAF (jeshi la anga la Uingereza) kule Cosford, sio mbali na hapa, kuingia ni bure, unalipia parking tu. Kule wana Spitfire K9942, ndo kongwe kuliko zote zilizobaki duniani, Mk.I halisi. Nilisimama pale napiga picha sehemu ambazo mtu wa kawaida hapigi, matundu ya magurudumu, ule mlango mdogo wa rubani, mkubwa wangu akawa anamwambia mama yake baba anapiga picha tairi. Lakini nilivyorudi mezani nikaona Tamiya wameifuata ile ndege mpaka vitu ambavyo ukishafunga hakuna atakayeviona tena.

Onyo moja tu, angalieni namba kwenye boksi. Tamiya walishatoa Spitfire Mk.I ya skeli hiyo hiyo miaka ya tisini, namba 61032, na bado inazunguka madukani. Kuna duka moja la mtandaoni, silitaji, waliweka picha ya mpya wakanitumia ya zamani, na kuirudisha ikawa maemail na maemail na nauli ya posta juu yangu. Nikaenda zangu duka la mtaani, mzee wa pale akanitolea 61119 nikaishika kwa mkono wangu, hata boksi akanifungulia nione fremu zote zipo.

Kwa mtoto mdogo siipendekezi, vipande ni vidogo na bei hiyo ataivunja na wewe utanuna. Kwa mtu ambaye hajawahi kugusa modeli kabisa, sawa, atafurahi, ila kisu na mkasi wa kukatia anunue vizuri. Kwa mtu anayerudi baada ya kulea au kuuguza ndo nasema chukua hii kabla ya kitu kingine chochote, kwangu ni 9 kwa 10, hiyo moja nimekata kwa sababu ya bei.

Inayofuata nishaiagiza, Super VC10, ndege ya abiria ya Kiingereza, ya Roden wa Ukraine skeli 1/144, yenye rangi za East African Airways, lile shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania. Marehemu baba alikuwa hachoki kuisimulia hiyo ndege, jinsi ilivyokuwa inaunguruma ikiruka Dar. Shirika lilikuwa nazo tano, moja ikaanguka Addis Ababa 1972, na shirika lilipokufa 1977 zile nne zilirudi Uingereza zikageuzwa kuwa za kujazia mafuta angani za RAF. VC10 ya mwisho kabisa kuruka duniani, tarehe 25 Septemba 2013, ilikuwa mojawapo ya hizo nne, na usajili wake wa kwanza ulikuwa 5H-MMT, yani ya Tanzania! Itakuwa na urefu wa kama sentimita 36 kwa hiyo shelfu la vitabu halitoshi, bado natafuta namna ya kumwambia wife.