Albamu za Descendents: Ipi Ununue Kwanza na Ipi Isubiri

Anayetaka kununua santuri za Descendents, bendi ya roki ya Marekani, hukutana mapema na jambo linaloweza kumkera mnunuzi yeyote makini: albamu yao inayosifiwa kuliko zote ina nyimbo 15 na huisha kwa takriban dakika 22, ilhali dukani huwekwa rafu moja, na mara nyingi kwa bei moja, na santuri za bendi nyingine zenye dakika 45. Ukiupima muziki kwa mizani ya kupimia sukari utaona kwamba umepunjwa. Mimi naona kinyume chake, kwa kuwa thamani ya bendi hii imo katika ufupi wenyewe. Wimbo wao mzuri husema neno lake mara moja na kuondoka, na albamu zao dhaifu ni zile ambazo nyimbo zilianza kurefushwa. Ndicho kipimo nilichokitumia hapa kuzipanga.

Kwanza niseme machache kuhusu wachezaji, kwa sababu mnunuzi asiyewajua anaweza kudhani ananunua kazi za bendi moja kumbe ni za vikosi tofauti. Bendi ilianzia Manhattan Beach, mji wa pwani kusini mwa Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na Frank Navetta kwenye gitaa, Tony Lombardo kwenye besi na Bill Stevenson kwenye dramu. Milo Aukerman alijiunga kuwa mwimbaji mwaka 1980. Hao wanne ndio waliouchukua muziki wa panki, yaani roki ya kasi na makelele (neno ambalo kwetu wengi walilijua kwanza kama mtindo wa kunyoa nywele), wakautia sauti tamu za kuimbika, wakaimba kuhusu wasichana, kahawa, chakula na wazazi badala ya mapinduzi. Bendi ya Blink-182, waliokuja kuuza mamilioni ya nakala, wamekiri wazi kwamba walijifunza kwao. Tangu mwaka 1987 gitaa limeshikwa na Stephen Egerton na besi na Karl Alvarez, na Stevenson na Aukerman ndio pekee ambao hawakuwahi kukosekana katika albamu yoyote.

Nafasi ya kwanza naipa Milo Goes to College ya mwaka 1982, na sioni namna ya kuizunguka. Jina lake ni habari halisi: Aukerman alikuwa akiiacha bendi kwenda kusomea baiolojia, masomo aliyoyafikisha hadi shahada ya uzamivu, na baadaye alifanya kazi miaka mingi kama mtafiti wa mimea. Kwa hiyo vijana hao walirekodi wakijua kwamba huenda ndiyo mwisho, na haraka hiyo inasikika. Besi ya Lombardo haifuati gitaa kama mkia, bali hutembea na sauti yake yenyewe, kiasi kwamba ukizima kila kitu na kuibakiza yenyewe bado ungeutambua wimbo. Mchoro wa jaladani, kijana mwenye miwani na tai, uliochorwa na Jeff Atkinson, umekuwa nembo ya bendi hadi leo. Lipo, hata hivyo, jambo ambalo mzazi anayemnunulia kijana wake anapaswa kulijua: mna matusi, na mahali fulani maneno ya kuwadhalilisha mashoga, yaliyoandikwa na wavulana ambao ndiyo kwanza walikuwa wakitoka katika utineja. Siyatetei, na sioni sababu ya kumficha mnunuzi kwamba yamo.

Hapa pana ushauri wa fedha. Ikiwa kinachokuhusu ni muziki kuliko ukubwa wa jalada, usinunue santuri. Tafuta sidi iitwayo Two Things at Once, ambayo inaiweka albamu hiyo nzima pamoja na mkusanyo wa Bonus Fat. Humo utapata pia nyimbo tano za Fat, santuri ndogo ya mwaka 1981, mojawapo ikiwa ni ya sekunde kumi na kitu tu ambamo mtu anaagiza chakula kwenye dirisha la mkahawa. Sidi moja inakupa karibu kila kitu cha kikosi cha kwanza, na kwa mnunuzi wa mara ya kwanza hakuna ununuzi wenye faida kuliko huo.

Wakusanyaji watataka toleo la awali lenye jina la New Alliance, kampuni ndogo iliyoanzishwa na wanamuziki wa bendi ya Minutemen kabla ya orodha yake kuchukuliwa na kampuni nyingine ya muziki, SST. Matoleo yaliyofuata yana nembo ya SST. Muziki ni uleule, tofauti ya bei ni kubwa, na muuzaji anayekuambia kwamba ana nakala ya mwaka 1982 huku karatasi ya katikati ya santuri ikiwa na nembo ya SST amekosea au anakudanganya. Mwombe picha ya karatasi hiyo kabla ya kulipa, kwa sababu jalada peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

Nafasi ya pili ni Everything Sucks ya mwaka 1996, iliyotolewa na kampuni ya Epitaph. Wapo watakaonishangaa kwa kuiweka karibu hivi na ya kwanza. Hata hivyo, ndiyo albamu yao inayosikika vizuri kuliko zote zilizoitangulia: ilirekodiwa Fort Collins, Colorado, katika studio yao wenyewe ya The Blasting Room, na dramu za Stevenson zinapiga kifuani bila kuyafunika maneno. Inamalizika kwa karibu nusu saa, na Navetta na Lombardo wanarudi kama wageni. Kama sauti chakavu za rekodi za zamani zinakuchosha, anza na hii kisha urudi nyuma.

Ya tatu ni I Don't Want to Grow Up ya mwaka 1985. Navetta alikuwa ameondoka kwenda Oregon kuwa mvuvi na gitaa likashikwa na Ray Cooper. Upande wa mapenzi wa bendi hii uko hapa, nao ni mtamu kuliko watu wengi wanavyokumbuka.

Ya nne ni Hypercaffium Spazzinate ya mwaka 2016, ambayo ina mzaha unaohitaji umri kuuelewa. Mwaka 1981 waliimba kwa furaha jinsi wanavyopenda kula. Miaka 35 baadaye wanaimba kuhusu daktari aliyewakataza mafuta. Stevenson alikuwa amepona uvimbe wa ubongo miaka michache kabla, na unapolijua hilo mzaha unapata uzito. Baada yake naiweka 9th & Walnut ya mwaka 2021, yenye nyimbo za miaka ya mwanzo kabisa: vyombo vilirekodiwa na kikosi cha awali mwaka 2002, na Aukerman akaongeza sauti mwaka 2020, Navetta akiwa ameshafariki tangu 2008. Ni nzuri, lakini inunue ukiwa tayari unaipenda ile ya 1982, maana bila hiyo haitakuambia mengi.

ALL ya mwaka 1987 ni ya sita. Ina wimbo wa sekunde moja na mwingine wa karibu dakika saba, na ule mfupi ndio unaofanya kazi. Cool to Be You ya mwaka 2004, kutoka kampuni ya Fat Wreck Chords, haina kosa wala haina haraka. Inafaa kwa mtu anayejaza pengo kwenye rafu yake. Ya mwisho ni Enjoy! ya mwaka 1986, ambayo ina mizaha ya chooni iliyovutwa kupita kiasi na wimbo mmoja mrefu unaojikokota. Somery, mkusanyo wa mwaka 1991, siuweki kwenye orodha kwa kuwa albamu zao ni fupi mno kuhitaji kufupishwa.

Kwa anayeagiza kutoka nje, gharama ya usafirishaji yaweza kuizidi bei ya santuri yenyewe, hivyo agiza mbili au tatu kwa pamoja. Niliwahi kupokea nakala ya Everything Sucks iliyojipinda kama chapati kwa sababu kifurushi kilikaa juani siku kadhaa. Muuzaji hakurudisha fedha, na sindano ya gramafoni yangu iliruka kila ilipofika kwenye mpindo. Ukiishi Mombasa au Dar es Salaam, ifuate santuri yako posta siku hiyohiyo unayoarifiwa kwamba imefika, na uihifadhi ikiwa imesimama wima, mbali na dirisha linaloingiza jua la mchana.