Vyungu vya kuaminika, mitungi ya kuchagua: kibanda cha wafinyanzi Mtwara mjini

Anayekwenda kununua chungu katika kibanda hiki asivutwe kwanza na nakshi, bali aukague mdomo wa chungu pale ulipochubuka kidogo, kwa maana hapo ndipo mfinyanzi hujulikana. Vyungu vya kupikia nilivyovikuta vina chengachenga za mchanga zinazoonekana kwa macho, na huo si uzembe hata kidogo. Udongo mtupu hunywea mno unapokauka na hupasuka upesi ukishikwa na moto, ilhali mchanga hupunguza kunywea huko, huupa mvuke njia ya kutokea wakati wa kuchoma, na huzuia ufa mdogo usienee. Vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vya Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa biashara, vinaonyesha kazi ya namna hiyohiyo: vyungu vilifinyangwa kwa mkono na kuchomwa katika moto wa wazi, ambao kwa kawaida hufikia nyuzijoto 600 hadi 900 za Selsiasi, huku vyombo vya kung'aa vikiletwa na biashara ya baharini kutoka Uajemi na China. Tajiri wa Kilwa aliweza kupakuliwa katika sahani ya China, lakini sahani hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mafiga.

Kitako cha mviringo nacho kina sababu yake, kwani chombo kisicho na pembe hupata moto kwa usawa. Chungu kimojawapo nilikipikia mbaazi za nazi, zikaiva taratibu bila kushika chini.

Mitungi ndiyo iliyonikwaza. Mtungi hupoza maji kwa sababu hutoa jasho: maji hupenya vitundu vya udongo, hufika nje, na yanapokauka huondoka na joto. Mingi iliyopangwa mbele imepakwa rangi ya mafuta, ambayo huziba vitundu hivyo, na maji hubaki na uvuguvugu wake. Nilipomuuliza mama muuzaji, alinijibu kwa upole kwamba wageni ndio wanaoitaka rangi. Kisha akanitolea nyuma ya kibanda mtungi usio na rangi, uliosuguliwa kwa jiwe tu, nao ni mzuri kuliko yote.

Bei ni ya haki. Chungu kipya kichemshiwe uji mwepesi kabla ya kupikiwa mchuzi, ili wanga uzibe vitundu vinavyovuja. Mtungi usifanyiwe hivyo.