Nyumba ya msituni karibu na barafu, Juneau Alaska: miezi mitatu niliyokaa

Tangu nirudi Mwanza naulizwa swali moja kila ninapokaa, Kirumba, kanisani, hadi kwenye daladala ya Nyegezi, eti ile nyumba ya Alaska ilikuwaje na kama mtu akipata nafasi aende apange palepale. Sasa naandika yote hapa, mazuri na yaliyonikera, maana mi kabla sijasafiri nilitafuta mtu wa kuniambia kwa Kiswahili nikamkosa, nikaenda kama nilivyo.

Dada yangu ni nesi, alipata mkataba wa kazi kule na alikuwa amejifungua, kwahiyo nikaenda kumsaidia mtoto kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane 2024. Nyumba tulipanga kwa simu kupitia zile programu za nyumba za muda mfupi, mwenye nyumba ni mama mmoja simtaji jina. Juneau ndo makao makuu ya jimbo la Alaska lakini hakuna barabara inayotoka nje ya mji kwenda kwingine, ni ndege au meli basi. Mi niliunga ndege hadi Seattle alafu masaa kama mawili na nusu hivi mpaka Juneau, na uwanja wenyewe uko kwenye bonde lilelile la makazi, bonde la Mendenhall, kwahiyo kutoka uwanjani mpaka nyumbani ni dakika chache tu kwa gari.

Nianze na nyumba. Ni ya mbao, ghorofa moja, vyumba vitatu, imezungukwa na miti mirefu mpaka ukisimama kwenye kibaraza huoni nyumba ya jirani, unaona moshi wa bomba lake tu. Miti ni ya spruce na hemlock, jamii ya misonobari, imevaa mimea laini ya kijani kwenye matawi kama ndevu, na chini kila kitu ni kijani, mawe, magogo, hadi paa la kibanda cha kuni. Huo ni msitu wa Tongass, ndo msitu wa taifa mkubwa kuliko yote Marekani. Mi nimekulia kwenye mawe, nyumbani kwetu Mabatini unatoka mlangoni unakanyaga jiwe, unaanika nguo juu ya jiwe, sikuwahi kuishi mahali ambapo mti ndo unakuamulia mwanga wa sebuleni. Wiki ya kwanza nilijisikia nimefungiwa. Ya tatu nikawa nafungua dirisha usiku kusudi nisikie ule utulivu, na harufu ya ile miti ikilowa sijui niifananishe na nini, inafungua kifua.

Jiko zuri, la umeme, lina oveni, mashine ya kufulia na ya kukaushia zipo, na hiyo ya kukaushia usiichukulie poa, maana kule nguo ya kamba haikauki. Mvua ya kule sio kama yetu. Sisi mvua inatoka ziwani alfajiri na radi, inapiga bati kama inataka kulitoboa, saa nne asubuhi jua linawaka watu wanaendelea na mambo yao. Ya kule inanyunyiza tu, haina radi, haina haraka, siku tatu nne mfululizo, kwa mwaka inapita milimita 1,500. Joto la mwezi wa saba mchana ni nyuzi 17 au 18 hivi. Nunua koti la mvua la maana na mabuti ya mpira, hayo mengine yote utaazima. Hita ilifanya kazi vizuri, maji ya moto muda wote, umeme ulikatika mara moja tu tena kwa nusu saa, umeme wao mwingi ni wa maji.

Mapazia sasa. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia jepesi, na mwezi wa sita kule jua linazama saa nne usiku na saa kumi kasoro linarudi, yani mchana una masaa kama 18. Mtoto hakulala, dada yuko zamu, mi kichwani bado niko kwenye saa za Mwanza ambazo zimetangulia kwa masaa 11. Nilimwandikia mama mwenye nyumba, kesho yake akaleta mapazia meusi mazito akayafunga mwenyewe. Hapo alinifurahisha sana na namshukuru mpaka leo. Ukienda chukua chumba cha nyuma, giza lake zuri na husikii helikopta.

Maana helikopta zipo. Kuanzia asubuhi zinapandisha watalii juu ya barafu, zinapita kwa zamu, zile meli kubwa zikitia nanga mjini ndo inakuwa balaa. Mwaka 2023 pekee walishuka watalii zaidi ya milioni 1.6 kwenye mji wa watu kama elfu 32, we piga hesabu. Lakini ikifika jioni meli zinaondoka na bonde linarudi kwa wenyeji.

Na hiyo barafu yenyewe aisee. Kutoka nyumbani tulikuwa tunatembea na kigari cha mtoto kama dakika 25 mpaka ufukwe wa ziwa, na ng'ambo ya ziwa ndo imelala Mendenhall, mto wa barafu wenye urefu wa kilomita kama 21 unaoshuka kutoka kwenye uwanda wa barafu huko milimani. Naita mto kwasababu unatembea, pole pole sana, wenyewe kwa uzito wake, na mwaka ule mbele ulipokuwa unakutana na ziwa ulikuwa unameguka. Rangi yake ni bluu, sio nyeupe, ile barafu imekandamizwa miaka na miaka mpaka mapovu ya hewa yamebanwa yakaisha, mwanga mwekundu unamezwa ndani, bluu ndo inarudi kwenye jicho. Siku ya mawingu bluu inazidi. Pembeni kuna maporomoko ya Nugget, kama mita 115, njia yake ni tambarare hata mama mzee anafika.

Kilichonikaa moyoni ni pale dada aliponionyesha kwamba ziwa lote lile ni jipya. Babu zetu wakiwa vijana lile ziwa halikuwepo, lilianza kujaa barafu ilipoanza kurudi nyuma karibu mwaka 1929, na tangu hapo imerudi kilomita karibu 2.8. Kituo cha wageni kilifunguliwa 1962, barafu ikiwa karibu kuliko sasa kwa mbali sana, leo unasimama dirishani unaitafuta kwa macho. Katikati ya miaka ya 1700 ilikuwa imeshuka bondeni mpaka sehemu ambazo leo ni makazi ya watu. Nikachimba kidogo nyuma ya nyumba nipande sukuma wiki, nikakuta kokoto na mawe ya mviringo tu, udongo kiganja kimoja. Hayo mawe yameachwa na barafu. Nilikaa pale chini na jembe nikiwaza Kilimanjaro yetu, tangu 1912 ilipopimwa barafu yake nyingi sana imeshaondoka, na sisi tunapita Moshi kwa basi tunaangalia tu.

Dubu. Kila mtu ananiuliza dubu. Wapo, weusi, na ile ni mitaa yao. Kuna kijito kinaitwa Steep Creek karibu na kituo cha wageni, samaki aina ya sockeye wanapanda kuanzia mwezi wa saba, ni wekundu kabisa, na dubu wanashuka kuvua watu wakiangalia kutoka kwenye daraja la mbao. Mtaani sheria ni kwamba takataka hazitoki nje kabla ya saa kumi alfajiri ya siku ya gari la taka, pipa linafungwa. Hilo mama mwenye nyumba alilibandika kwenye friji, vizuri. Ila mi nilikuwa nimebeba dagaa kutoka soko la Mwaloni, kilo tatu, wale wakavu wa jua, dada akasema harufu inaingia kwenye nguo za mtoto, tukaziweka kwenye boksi la plastiki kibarazani. Usiku wa pili tukasikia mbao zinalia. Dubu mkubwa, amekaa kitako kama mtu, amelivunja boksi na anakula dagaa wa Ukerewe taratibu. Tulizima taa tukakaa chumba cha nyuma na mtoto mpaka akaondoka. Nilitetemeka, sisemi uongo. Asubuhi jirani, mzee mmoja mpole nilikuwa namwita babu na akazoea, alikuja akatuambia tuoshe kibaraza chote kwa siki na chakula cha aina yoyote kikae ndani, hata cha ndege, maana dubu akizoea nyumba ya mtu mwisho wake ni kuuliwa. Niliumia kusikia hivo kwasababu kosa lilikuwa letu sio lake. Hakurudi, namshukuru Mungu.

Sasa niseme la maji, na hili ndo limenifanya niandike.

Tangazo la nyumba lilisema msitu, barafu, utulivu, karibu na mto. Hakuna mahali lilisema mto unafurika, na mama mwenye nyumba tulizungumza naye kwa simu mara tatu kabla ya kulipa, hakugusia. Nimekulia karibu na mto Mirongo. Mtu wa Mwanza akienda kuona kiwanja swali la kwanza ni maji yanapita wapi, na mwaka 2020 ziwa lilipopanda tuliona wenyewe nyumba za ufukweni zinavyoingiliwa, ndo watu wakaelewa ile sheria ya mazingira ya 2004 ya kuacha mita 60 kutoka kwenye maji ilikuwa na maana gani. Hilo swali silijui kwa vitabu. Na kule sikuuliza, picha zilikuwa nzuri na nilidhani nyumba kama hizo zimeshakaguliwa na wakubwa.

Iko hivi. Juu kule pembeni ya Mendenhall kuna bakuli linaitwa Suicide Basin, zamani lilijazwa na barafu nyingine ndogo, hiyo ikarudi nyuma likabaki shimo. Kila kiangazi linajaa maji ya barafu iliyoyeyuka na mvua, na Mendenhall yenyewe ndo ukuta unaoyazuia. Maji yakizidi yanatafuta njia chini ya barafu, na yakiipata yanatoka yote ndani ya siku moja mbili, yanaingia ziwani, kutoka ziwani yanaingia mtoni katikati ya nyumba za watu. Imeanza 2011. Mwaka 2023 mto ulikula kingo mpaka nyumba zikaanguka ndani yake, na hiyo ilikuwa mwaka mmoja tu kabla ya sisi kupanga!

Tulijua kupitia kwa babu jirani, alikuja mwanzoni mwa mwezi wa nane akasema bakuli limejaa, sogezeni gari juu. Usiku wa kuamkia tarehe 6 hatukulala. Mto ulipanda mpaka karibu mita 4.9 kwenye kipimo chao, rekodi, nyumba karibu 300 ziliharibika. Kwetu maji yalifika ngazi ya pili na kuingia chini ya sakafu, hayakuingia ndani. Hayakuja na kelele kama ya Mirongo, yalikuja kimya, ya kijivu, baridi ya kuuma mfupa, magogo yakipita barabarani chini ya taa za mtaa, na harufu ya mafuta ya hita kutoka kwenye matangi ya watu. Nilikuwa nimemfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, begi la pasipoti mkononi, tumesimama juu ngazini tunahesabu ngazi. Mtaa wa chini watu walikuwa wanatoka kwa mitumbwi ya mpira.

Nilimpigia mama mwenye nyumba asubuhi. Akasema pole, akasema kwake haijawahi kufika. Nikamuuliza kwanini hukutuambia, akasema wageni wangeogopa bure. Alirudisha kodi ya wiki mbili. Nyumba ni safi, yeye ni mtu wa kuleta mapazia kesho yake, na bado kwenye hili alikosea sana, kulikuwa na mtoto wa miezi minne ndani.

Kwahiyo ukiniuliza nyota, nyumba naipa nne, eneo naipa tano kabisa, taarifa za mwenye nyumba naipa moja. Kodi ya mwezi ni ghali, kwa hela ile Nyegezi unapanga nyumba nzima mwaka. Basi za umma zipo mpaka bondeni ila barafuni hazifiki, unamalizia kwa miguu. Mbu wapo na wanauma lakini malaria hakuna. Ugali, unga wa mahindi wa kule sio dona, beba wako.

Mwaka 2025 kabla ya kiangazi walipanga kingo za mto kwa maboksi makubwa ya waya yaliyojazwa mchanga, na mwezi wa nane mto ukapanda zaidi ya ule wa kwetu, ukapita mita 5, ila safari hii nyumba nyingi zilipona. Babu jirani alituma picha, kibaraza chake kikavu, yuko kwenye kiti. Dada ameongeza mkataba na kahamia mwinuko upande wa pili wa bonde, msitu uleule, barafu unaiona kwa kipande kupitia matawi, na safari hii alifungua ramani ya mafuriko ya mji pamoja na mwenye nyumba mpya, wakaweka kidole juu ya paa la nyumba wakafuata mpaka mtoni ndo akasaini.