Bango la njia panda Uyole: nililipia, wenyeji wakalikataa

Nauza pembejeo Uyole, Mbeya. Fremu yangu iko ndani kidogo, ukiwa kwenye Hiace huioni. Kwa hiyo mwezi wa tisa alipokuja kijana wa kampuni ya mabango na kishkwambi chake, akanionyesha picha ya bango limesimama njia panda, magari ya Tukuyu na ya Dar yote yanalitazama, juu yake viazi mviringo vikubwa na jina la duka langu, sikuuliza mengi. Mvua zikianza Novemba, mkulima ananunua mbolea pale jicho lake lilipotua.

Miezi sita, shilingi 2,800,000. Nikatanguliza 1,200,000. Kuhusu kibali akanijibu, "Mama, hilo tuachie sisi, kila kitu kipo tayari."

Mchoraji wao simlaumu. Siku nne tu, fleksi (turubai la plastiki lililochapwa tangazo) ikaja, rangi zimekolea, namba ya simu inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Hapo walifanya kazi.

Aibu ilikuwa mahali penyewe. Mafundi walifika Jumamosi wakachimba mashimo mawili kati ya kituo cha bajaji na akina mama wa ndizi. Hawakumsalimia mtu. Kufika mchana mwenyekiti wa mtaa alishaitwa, kazi ikasimama, na Jumatatu nikatakiwa kwenye kikao. Kampuni haikutuma mtu. Nilikaa kwenye benchi peke yangu kama mwizi wa kuku.

Nakiri nilikwenda nikidhani ni wivu. Dereva mmoja wa bajaji, kijana ambaye hunibebea mifuko ya mbolea, akasimama. "Mama, sisi tukitaka kuingia barabarani tunachungulia lori kwa hapo hapo mlipochimba. Bango linaanzia usawa wa kichwa. Tutaliona lori likishatufikia." Nilikuwa nimepita pale miaka tisa bila kugundua kwamba wale vijana huinama kwanza ndipo waingie.

Halafu mama wa ndizi. Huyu sauti yake haihitaji spika. "Kibanda changu kilipigwa X nyekundu, nikaambiwa niko kwenye hifadhi ya barabara, sina fidia, nikabomoa kwa mikono yangu. Mashimo yenu yako mbele ya pale nilipobomoa. Mbao zangu zilikosa nini ambacho vyuma vyenu vinacho?" Watu wakacheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Tangazo ndani ya eneo hilo linataka kibali cha TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Mzee mmoja alikuwa amepima kwa miguu kutoka ukingo wa lami hadi kwenye mashimo: hatua kumi na moja. Tena akaniuliza kama sijasikia habari ya barabara kupanuliwa iwe njia nne, ile ya kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Nimesikia, nani hajasikia? Ila akilini mwangu njia nne ilikuwa ya wengine, na bango lilikuwa langu.

Kuna waliolalamikia taa za bango. Hilo sikuliafiki, usiku wa Uyole taa ni neema. Upepo wa Agosti waliutaja pia, na mashimo yale yalikuwa ya kina cha goti.

Nikapiga simu kwenye kampuni siku tatu, haipokelewi. Ya nne kijana akaniambia watu wa pale watazoea. Nikaomba nakala ya kibali. Akanitumia barua yao ya maombi, imegongwa muhuri wa "imepokelewa". Imepokelewa! Hata mimi barua za mikopo ya benki zangu zote zilipokelewa.

Baada ya mwezi na nusu walinirudishia 700,000 kwa simu. Laki tano wakakata, wakasema ni za fleksi na vyuma. Vyuma wamebaki navyo wao. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sijaiona mpaka leo.

Ukitaka kuwatumia watu wa namna hii, kabla ya kutoa hela dai kibali kinachotaja eneo lenyewe, kisha kanunue ndizi pale wanapotaka kuchimba, ukae.

Mimi nilikwenda Mwanjelwa, fundi akanichorea kibao cha bati chenye mshale kwa 85,000. Kimetundikwa ukutani kwa mwenye fremu ya pembeni, kwa ridhaa yake. Wateja wanafika, wengine wakielekezwa na yule yule mama wa ndizi, ambaye siku ya kwanza kuniletea mtu nilimwambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, akanitazama kama anayehesabu deni.

Kampuni nimeipa nyota mbili kati ya tano, zote za mchoraji. Fleksi ninayo. Ni imara kweli, haipitishi maji. Mwezi wa sita tuliianikia maharage, viazi vimetazama juu.